Msumari wa Tausi

Usiku ule nilikuwa nimekula makande sahani mbili na nusu. Hilo naliweka wazi mapema, asije akatokea mjuaji akasema niliyoyaona yaliletwa na makande. Makande nayajua. Makande huleta ndoto za kukimbizwa na ng'ombe. Hayaleti marehemu, na hata kama yangeleta, yasingeleta marehemu mwenye tupa mkononi.

Ila ndoto yenyewe haitaeleweka nisiposema kwanza nililala na nini kifuani.

Sisi nyumbani ni watu wa kwato. Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi wa viatu vya farasi kwenye shamba moja upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru, kule ambako wageni huja kupanda farasi na kupigwa picha wakijifanya hawaogopi. Kazi yake ilikuwa kukata kwato zikirefuka, kuzisawazisha kwa tupa, halafu kupigilia kiatu cha chuma kwa misumari. Farasi haumii, maana ukuta wa ukwato ni mkavu kama kucha zako unapozikata. Lakini ndani kidogo ya ule ukuta kuna nyama hai. Kutoka mahali salama mpaka mahali pa balaa ni unene wa punje ya mchele, na msumari unapita hapo hapo.

Shuleni nilipojaza fomu, kwenye kazi ya mlezi niliandika fundi viatu. Wiki iliyofuata mwalimu mmoja akanikabidhi raba yake iliyofunguka mdomo. Nikampelekea Babu. Aliigeuza geuza, akauliza huyo mwalimu ana kilo ngapi, na je, akishikwa mguu anapiga teke?

Babu alikuwa akiniita mama, kwa sababu nimebeba jina la mama yake, Namnyaki. Kwa hiyo mimi nilimwita mwanangu. Kuna watu wazima hawakupenda, lakini yeye ndiye aliyeanzisha. Kila asubuhi ananiamkia shikamoo mbele za watu, nami namwitikia marahaba kwa sauti ya bibi kizee mwenye mafua. Alifariki mwaka jana, masika yakianza. Kazi ikabaki kwa Baba.

Sasa, Baba. Baba amepigilia misumari kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Ila miaka yote hiyo waligawana: Baba alikuwa mikono, Babu alikuwa macho. Farasi akichechemea, Babu anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaagiza farasi atembezwe mbele yake, aende, arudi, kisha anautaja mguu. Baba anaushika huo mguu na kufanya kazi. Hakuna aliyewahi kumuuliza Babu anajuaje. Tulidhani ni uzee tu, kwamba ukifika umri fulani unaletewa.

Jumamosi moja nilikuwa namsaidia Baba kumvalisha viatu Tausi, farasi jike wa rangi ya kahawia ambaye kazi yake ni kubeba wageni waoga. Kwenye mguu wa mbele wa kulia ilikuwa imebaki misumari miwili. Baba akaitwa na Mama Shamba, ndivyo tunavyomwita mwenye farasi, akaangalie mlango wa banda. Akaniachia nyundo, nimalizie. Ilikuwa mara yangu ya tatu kushika nyundo ya kazi, si ya kuvunjia karanga. Msumari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, ule wa nyuma kabisa upande wa ndani, niliupigilia huku namsimulia Loti jinsi makamu mkuu wa shule yetu alivyofungiwa chooni na kitasa alichokinunua mwenyewe. Loti ndiye saisi wetu, mtunza farasi, na ndiye aliyekuwa amemshika Tausi. Alicheka mpaka kamba ikamtoka.

Na katikati ya kile kicheko nilisikia. Msumari unaokwenda sawa hulia, kila pigo kali kuliko lililotangulia: ti, ti, ti. Huu wangu ulisema bup, kama unapiga papai. Ncha yake ikatokea juu kuliko za wenzake. Nikaikata, nikaikunja, nikapitisha tupa juu yake, nikamalizia hadithi ya choo. Baba aliporudi akaukagua juu juu, akaridhika.

Jumanne Tausi akaanza kuchechemea.

Baba akaagiza atembezwe. Akakaa kwenye ndoo ya Babu. Kila hatua kichwa cha Tausi kilishuka na kupanda, kama mtu anayekubaliana na kila unachosema. Kilipokuwa kinashuka, mguu uliokuwa chini ni wa kushoto. Baba akasema ni wa kushoto. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Misumari yote ya kushoto ilikuwa yake. Nilifurahi kama mtu aliyesikia kwamba mtihani wa hesabu umeliwa na panya.

Baba akang'oa kiatu cha kushoto. Akauloweka mguu kwenye ndoo ya maji ya moto yenye chumvi. Alipoutoa akaugusa ukwato, akasema unachemka, ndio wenyewe huu. Jamani, ulikuwa umetoka kwenye maji ya moto. Utani ulinijaa mdomoni tayari kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikauacha utani upite.

Alhamisi Tausi akazidi. Ijumaa hakugusa nyasi. Mama Shamba akamwita Baba pembeni, akamwambia, kwa ule upole ambao ni mbaya kuliko matusi, kwamba kesho saa nne anakuja fundi kutoka Nairobi pamoja na daktari wa mifugo. Huyo fundi akimponya Tausi, farasi wote kumi na wanane atawashika yeye. Baba hafukuzwi. Baba anaweza kubaki kwenye bustani.

Baba, mtoto wa Babu, na mkasi wa maua.

Jioni hiyo nyumbani Baba alikaa anaitazama mikono yake kama vile imemkosea adabu. Mimi nilijua kuna msumari wangu mahali fulani, ila nilikuwa nimejinyamazisha wiki nzima kwa hoja moja: wangu uko kulia, anaumwa kushoto. Hoja safi, hata mwanasheria angeipenda. Ilinilaza Jumanne, ikanilaza Jumatano. Ijumaa nikaisindikiza na makande.

Basi nikalala.

Niko mstarini, shuleni, asubuhi. Ukungu umelala uwanjani mpaka magotini, hatuoni miguu yetu wenyewe. Ni siku ya ukaguzi wa viatu. Nikageuka kumuuliza jirani yangu kama amepiga rangi vyake, na jirani yangu alikuwa farasi wa kijivu amevaa tai ya shule. Hakuna aliyeshangaa. Tulikuwa tumechanganyika, farasi na wanafunzi, tumepangwa kwa urefu, na farasi walikuwa na nidhamu kutuzidi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anatafuna kitu.

Mbele kuna benchi refu. Tunapanda mmoja mmoja, tunasimama juu yake viatu vikaguliwe, tunashuka upande wa pili. Na mwalimu wa zamu amevaa aproni ya ngozi iliyopasuliwa katikati ili miguu itanuke. Ile aproni naijua. Bibi ameikunja sandukuni na dawa ya nondo. Ndipo nikajua huyo mwalimu ni nani, na sikuogopa. Niliona aibu tu, kama mtu aliyekutwa na mgeni kabla hajanawa uso.

Zamu yangu ikafika. Nikapanda. Nikangoja, kwa sababu kwa utaratibu wetu anayeamkia ni yeye. Marehemu au si marehemu, heshima ni heshima.

"Shikamoo, mama," Babu akasema.

Marahaba, nikaitika, na ile sauti ya bibi kizee ilikataa kutoka. Ikatoka ya kwangu, ndogo.

Anagusa viatu kwa nyuma ya kiganja, hivyo hivyo alivyokuwa akigusa kwato, kana kwamba anapima homa ya mtoto. Akagusa cha kushoto, mkono ukapita. Akagusa cha kulia. Mkono ukabaki. Anaubakiza pale muda mrefu mpaka wanafunzi wote wanaingia madarasani, na farasi nao wanaingia madarasani, nasikia viti vinavunjika, na kengele inapigwa mbali sana, na ukungu unaanza kupata joto. Si ukungu tena. Ni mvuke unaotoka kwenye ndoo. Na nilipotazama chini, benchi limekuwa sakafu ya saruji mbele ya mabanda ya shamba.

Ni mchana mweupe. Milango yote iko wazi na mabanda ni matupu. Kuna ile harufu ya chuma cha moto kikigusa ukwato, harufu ya nywele zilizoshika moto ambayo wageni huziba pua wakiisikia na mimi nikiisikia huona njaa, maana kwetu ndiyo harufu ya saa nne, saa ya chai. Ndoo ya Babu ipo, imepinduliwa, lakini Babu haketi. Amesimama kando yake.

"Tembea," akasema.

Nikatembea. Nilitembea kama makamu mkuu wa shule, tumbo mbele, mikono nyuma. Alipokuwa hai, hilo lilikuwa linamwangusha. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanatiririka, anajifuta kwa aproni na kujipaka masizi. Sasa hacheki. Hajakasirika. Anangoja tu, kama mtu aliyeletewa chai ya moto na anajua itapoa.

Nikarudi mpaka nilipoanzia. Nikaanza upya, safari hii kwa mwendo wangu.

Nimevaa viatu vyangu vya shule, vile ambavyo kisigino kimelika upande mmoja. Hatua ya kushoto, sawa. Hatua ya kulia, kuna kitu ndani ya kiatu. Kitu chembamba, kimesimama. Maumivu yakapanda kutoka unyayoni, yakapita mgongoni, yakafika shingoni, na shingo bila kuniuliza ikakirusha kichwa juu. Hatua ya kushoto, nafuu, kichwa kikaanguka chini kama gunia lililotuliwa. Kulia, kikaruka tena. Nikajaribu kukishikilia kisiruke. Hakishikiliki. Ni kama kujizuia kupiga chafya.

Natembea mpaka ukutani, narudi. Jua limenipiga kwa nyuma na kivuli changu kinatembea ukutani mbele yangu, na kivuli kina shingo ndefu na masikio mawili yaliyosimama. Nakitazama. Kinainamisha kichwa kila kinapokanyaga mguu mzima. Kinakirusha juu kila kinapokanyaga mguu mbovu. Mara moja, mara mbili, mara kumi, na kila mara ni vile vile.

Nikasimama na mguu wangu wa kulia hewani.

"Baba yako anatazama kikishuka," Babu akasema. "Mwambie atazame kikipanda."

Ndiyo hayo tu. Miaka ishirini na kitu juu ya ndoo, na siri yenyewe inaenea kwenye kikasha cha kiberiti. Nilitaka kumwambia kwamba kama angelitaja hilo kabla ya kuondoka angetuokolea wiki nzima ya maji ya moto, lakini nilipofungua mdomo tulikuwa tumeshafika ndani ya karakana yake.

Au karakana ndiyo ilikuwa imetufikia. Kuna fuawe, chuma cha kufulia vyuma, juu ya kisiki, kuna moto ambao hauna moshi, kuna viatu vya chuma vimening'inia ukutani, vikubwa kwa vidogo, kama familia iliyokwenda kupiga picha. Babu ameshika kopo la majani ya chai. Analimimina juu ya fuawe. Ikamwagika misumari, ya zamani, yenye kutu, iliyopinda kila mmoja kwa namna yake. Anaipanga kwa kidole. Nikahesabu. Kumi na miwili.

Sikumuuliza ni ya nini. Kwenye ndoto unajua tu. Hii ilikuwa misumari yake yeye aliyoipeleka pabaya. Huu aliupigilia akiwa kijana, mkono una haraka ya kwenda ngomani. Huu alikuwa na homa. Huu alikuwa amekasirikiana na Bibi asubuhi, na farasi akalipia. Aliigusa mmoja mmoja bila aibu, kama mtu anayeonyesha makovu ya utotoni, na nilijikuta nimekasirika kidogo, maana nimelelewa kwa habari kwamba Babu hakuwahi kumgusa farasi nyama. Bibi aliisema hiyo msibani. Mchungaji naye akairudia.

Na pembeni, mbali na ile kumi na miwili, kulikuwa na mmoja mpya unaong'aa.

Nikasema Loti ndiye aliyenichekesha. Nikasema hata hivyo Baba aliukagua. Nikasema mguu unaoumwa ni wa kushoto. Nikasema na mengine, nilikuwa na ufasaha ambao kwenye mdahalo shuleni haunijii kabisa. Babu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauchukua ule msumari mpya, akaufungua mkono wangu kidole kwa kidole, akauweka katikati ya kiganja.

"Huu ni wako, mama."

Ulikuwa na uvuguvugu, kama yai lililotolewa chini ya kuku sasa hivi. Nikaufumba. Na cha ajabu, kilichonijia si kilio. Ni kama pale unapotua ndoo kichwani baada ya kupanda mlima, shingo inarefuka yenyewe. Babu akaniangalia, na sasa akacheka, ule ule wa bila sauti, machozi yale yale. Nikacheka na mimi. Sijui tulikuwa tunacheka nini. Nadhani ufasaha wangu.

Nje kuna vishindo. Farasi wanapita, wengi, wanashuka kutoka upande wa mlima, na vishindo vyao ni laini, kama watu wanaotembea peku kwenye zulia. Nikachungulia. Hawakuwa na viatu. Hata mmoja. Kwato zao zilikuwa safi na za duara, kama sahani za sikukuu. Babu anafungua kamba za aproni. Anaitundika kwenye msumari ukutani, anauacha moto uwake, anatoka kwenda kwao mikono mitupu.

Nikamuuliza mwanangu huko unafanya kazi gani sasa, kama hali ndiyo hiyo.

"Huko hawavai," akasema, na alikuwa ameridhika sana.

Akaingia katikati yao. Hakuharakisha. Mmoja wa kijivu, yule mwenye tai, akampisha, na mgongo wa farasi ukamficha mpaka mabegani, halafu nikaona kofia yake peke yake inakwenda juu ya migongo, inakwenda, na nyasi zilikuwa ndefu na mbichi, na mimi nilisimama mlangoni na ngumi yangu iliyofumbwa, na nikataka kumpungia lakini ningeufungua mkono.

Ndoo ikagonga saruji.

Nikaamka. Ilikuwa alfajiri, dirisha limeanza kuwa la kijivu, na mguu wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kwa kulaliwa. Kiganjani hamkuwa na kitu isipokuwa alama nne za kucha zangu. Nje Baba alikuwa anachota maji ya moto jikoni kwenda kumloweka Tausi kwa mara ya mwisho, kabla hawajaja wenye kazi yao.

Nikatoka hivyo hivyo, kanga na ndala, nachechemea kwa ile ganzi. Nilimkuta amefika bandani, amechuchumaa mbele ya mguu wa kushoto. Loti anapiga miayo ameshika kamba. Nilikuwa nimepanga njiani namna ya kuanza, na kwenye mpango wangu kulikuwa na utani mmoja mzuri wa kulainisha mambo. Sikuutumia.

"Baba, ni wa kulia. Msumari wa nyuma, wa ndani. Niliupigilia mimi, na nilisikia kwamba haukulia."

Loti aliacha kupiga miayo katikati, mdomo ukabaki wazi. Nikamwambia Baba atazame kichwa kikipanda, si kikishuka, kwamba kichwa kinaukimbia mguu mbovu na kuuegemea ule mzima. Nikamwonyesha. Nikatembea mbele yake na mguu wangu wenye ganzi, kichwa kinaruka, nenda, rudi, na sikuwa nachekesha. Kisha Loti akamtembeza Tausi hatua chache, na tukatazama wote watatu. Kulia chini, kichwa juu. Kulia chini, kichwa juu. Baba akaweka mkono mdomoni kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni siku nne zilizopita.

Nilingoja kofi. Nilikuwa nimelihesabia. Badala yake akaufuta mguu wa kulia kwa mkono, akaugusa ukwato kwa nyuma ya kiganja, akautoa upesi. Akachukua koleo, akanipa mimi.

Aliushika mguu yeye, nikang'oa mimi, msumari mmoja mmoja. Mitano ilitoka mikavu. Wa sita Tausi alitetemeka ngozi yote, na msumari ulipotoka ulikuwa na unyevu mweusi, na nyuma yake likafuata tone la maji machafu yenye harufu ambayo sitaieleza kwa sababu huenda mtu anasoma hii akiwa anakula. Halafu Tausi akashusha pumzi. Ndefu, kutoka mbali, mpaka mbavu zikalegea. Akaulamba mdomo wake, akauweka mguu chini, akausimamia.

Nilimwambia Baba nani aliyeniambia, na kuhusu kopo, na ile misumari kumi na miwili. Nilidhani angenikatisha. Alikuwa amekaza macho kwenye ukwato, analisafisha tundu la msumari kwa maji ya chumvi.

"Mimi aliniambia tisa," akasema.

Fundi wa Nairobi alipofika saa nne alikuta tundu limefunguliwa, limeoshwa, limefungwa bandeji, na Tausi anakula kama mwenye deni na nyasi. Daktari akampiga sindano. Fundi akauliza nani aliyegundua, Baba akanionyesha kwa kidevu na kusema ni huyu, na ndiye aliyeupigilia. Yule fundi akasema wa kwake wa kwanza kwenda pabaya ulikuwa kwa farasi wa mashindano. Akanywa chai vikombe viwili, akamwambia Mama Shamba kwamba hapa haoni kazi yake, akaondoka. Mama Shamba alibaki amesimama anazitazama zile kwato nne, kisha akamuuliza Baba Jumatatu ataanza na farasi gani.

Mimi nimepigwa marufuku nyundo mpaka likizo ya Desemba. Na kusimulia hadithi bandani, marufuku mpaka nitakapoolewa. Ni haki.

Jioni tulikuwa tunanawa bombani, mimi na Baba, masizi na chumvi. Akauliza bila kunitazama, Babu alikuwa anaonekanaje. Ndipo kikanijia kitu ambacho ndotoni sikukiona kwa sababu kilikuwa wazi mno. Babu tuliyemzika alikuwa amekunjika. Miaka yote ya kukaa chini ya matumbo ya farasi ilikuwa imemwinamisha, akawa anasalimia watu akiangalia mikanda yao, na siku ya mwisho waliomwosha walihangaika kumlaza chali.

"Alikuwa amesimama wima, Baba," nikamwambia. "Wima kabisa. Ni mrefu kumbe, anakuzidi wewe."

Baba akafunga bomba. Akakaa kidogo, akalifungua tena, akaendelea kunawa mikono ambayo ilikuwa imeshatakata.